PANYA HAJI BILA KUALIKWA

(Maneno ya Kamati ya Ghala mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya ndugu waliokuwa shambani siku ile, na kwa wale waliokuwepo lakini walikaa nyuma wakipiga soga.)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya ghala kabla mahindi ya masika hayajaanza kuingia. Mkutano uliopita ulileta hoja kwamba ushirika utoe fedha inunuliwe sumu ya panya ya kutosha kila kaya, igawiwe, mambo yaishe. Hoja ilipigiwa makofi sana. Kamati ikaambiwa iende ikaangalie hali ilivyo, irudi na jibu. Basi tumekwenda. Tumezunguka nyumba kwa nyumba wiki mbili, tumeingia jikoni, tumepanda darini, tumeinua magunia. Wengine mlitukaribisha na kata ya mbege, ahsanteni sana. Jibu letu ni kwamba fedha hiyo isinunue sumu. Tunaomba mtusikilize kwanza, ndipo mpige kelele.

Mzee mmoja alituuliza swali zuri. Alisema, "Mimi na jirani yangu tumetenganishwa na uzio wa masale tu. Kwa nini panya wote wako kwangu?" Alikuwa na wazo kwamba jirani anamfukuzia panya usiku. Tukaenda kuangalia kote kuwili. Kwa jirani, pumba za kuku zimo ndani ya debe lenye kifuniko. Kwa mzee, pumba zimo kwenye kiroba kilichotoboka, na zile za nguruwe zimebaki kihorini mpaka asubuhi. Kwa jirani, mabua ya ng'ombe yamewekwa kichanjani mbali na nyumba. Kwa mzee yameegemezwa ukuta wa jikoni, na nyuma yake kuna tofali zilizobaki tangu alipojenga. Jirani hakumfukuzia mtu panya. Mzee mwenyewe ndiye aliyewapikia, akawatandikia.

Jamani, panya hana siri kubwa. Anatafuta chakula, maji na mahali pa kulala asionekane. Ukimpa vitatu hivyo katika uwanja mmoja, hata ukimwua leo, kesho mwenzake anahamia, kwa sababu nyumba imebaki wazi na meza imeandaliwa. Hicho ndicho watu wengi hawapendi kukisikia. Tunapenda kusema "panya wamevamia," kana kwamba wameshuka mlimani na bendera.

Tulichokiona zaidi ya vyote ni chakula kinachomwagika. Pale mnapopukuchulia mahindi, punje zinaruka, kuku wanaokota za juu, za kwenye nyufa zinabaki. Chini ya kinu, chini ya meza, nyuma ya magunia, kote zimo. Panya mmoja wa nyumbani, yule mweusi apandaye paa, hula kiasi cha gramu 15 kwa siku. Ni kidogo, ukishika mkononi huoni kitu. Lakini zidisha kwa siku za mwaka: ni zaidi ya kilo 5. Panya 20 wakikaa darini kwako mwaka mzima, wamekula gunia la kilo 100 na kubakiza deni. Na hapo hatujahesabu wanachokitoboa kikamwagika, wala wanachokikojolea na kukinyea. Panya huacha mavi makumi kwa usiku mmoja. Mama mmoja alituambia huwa anayapepeta, kisha anasaga. Mavi yanapepetwa, mkojo haupepetwi.

Maji nayo. Yule panya mkubwa wa paa anahitaji kunywa. Yule mdogo mdogo, wa kijivu, anaweza kukaa muda mrefu kwa unyevu wa chakula tu. Kwa hiyo ukifunika ndoo na mapipa usiku unamsumbua mkubwa, lakini mdogo hajali. Kwake huyo tafuta matundu. Penseli ikipita kwenye ufa wa mlango, naye anapita. Mkubwa anataka tundu la kupita kidole gumba. Ile nafasi chini ya mlango wa ghala letu hapa, ndugu zangu, unapita mkono.

Msisahau pia kwamba wako panya wa shamba, ambao si hao wa paa. Wanasayansi wanamwita Mastomys natalensis, sisi tunamwona kwenye mahindi na kwenye majani marefu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, wamemfuatilia kwa miaka mingi. Mimba yake ni siku 23 hivi, na kwa mara moja huzaa watoto 10 au 12, mara nyingine zaidi. Tena wameona kwamba anafuata mvua. Mvua za vuli zikiwa nyingi, majani na mbegu vinakuwa tele mapema, anaanza kuzaa mapema, na msimu unaofuata ndipo unasikia watu wanalia wamepanda mahindi mara mbili, mara tatu, yanafukuliwa. Kwa hiyo mvua ya vuli ikizidi, tufurahi, lakini tuanze kufyeka kuzunguka nyumba na mashamba palepale, tusingoje. Mahindi yakishavunwa, shamba likabaki tupu, huyu wa shamba naye anakuja nyumbani kutafuta. Hapo ndipo wa shamba na wa paa wanakutana kwenye gunia moja.

Na nyuma yao anakuja nyoka. Swila na bafe hawaji jikoni kwa ajili yetu, wanafuata nyama yao. Mwenye nyoka mara kwa mara uani kwake, kabla hajakimbilia kwa mganga, aangalie kwanza rundo la mabua.

Kuhusu maradhi tutasema kidogo, maana yapo maneno mengi ya uongo. Tauni ni kweli. Kule Lushoto, jirani zetu wa upande wa Tanga, tauni ilianza mwaka 1980 na ikaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, mamia wakafa. Inabebwa na viroboto vya panya. Panya akifa, kiroboto anaondoka kwenye mwili uliopoa na kutafuta damu nyingine, na ya karibu ni yako wewe uliyelala chini. Ndiyo maana panya wakianza kudondoka wenyewe kutoka darini bila kutegwa wala kulishwa sumu, usiwashike kwa mkono, usiwape watoto wawatupe. Toa habari kwenye zahanati siku hiyohiyo. Ugonjwa mwingine ni ule wa homa ya mkojo wa wanyama, waganga huuita leptospirosisi. Wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, walipopimwa kwa makini mwaka 2007 na 2008, ilionekana wengi waliodhaniwa wana malaria hawakuwa nayo, na baadhi yao walikuwa na ugonjwa huo. Watu wakasema moja kwa moja, panya huyo! Lakini baadaye walipopimwa wanyama wenyewe katika eneo hilo, vijidudu vilikutwa kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na panya waliopimwa hawakukutwa navyo. Tumelieleza hili ili mwenye banda la ng'ombe avae mabuti anapotoa samadi, asidhani kumwua panya kumemlinda. Panya ana makosa ya kumtosha, hatuna haja ya kumwongezea ya wengine.

Tena si panya wote ni adui. Panya buku wanafunzwa palepale Morogoro kunusa kifua kikuu na mabomu yaliyofukiwa. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu Uingereza. Vijana walicheka sana tulipolisema hili mkutanoni, lakini ni kweli.

Sasa tunafika kwa mdudu, ambaye kwa maoni ya Kamati ni hatari kuliko panya, na mkutano uliopita hakuna aliyemtaja.

Wazee mnamkumbuka dumuzi. Kwao si Afrika, ni Meksiko na Marekani ya Kati. Aliingia nchini kwetu upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 wataalamu wakathibitisha kuwa ni yeye. Wakulima wa kule walimwita Scania, jina la yale malori makubwa, na jina hilo likasafiri naye nchi nzima. Hakuwa na miguu ya kutoka Tabora hadi Kilimanjaro. Alipanda gari, ndani ya gunia la mahindi, kama abiria. Na mwaka 1983 alionekana kwa mara ya kwanza nchi ya Kenya. Wapi? Taveta. Hapo ng'ambo tu, ndugu zangu, unapokwenda mnadani asubuhi na kurudi mchana. Sisi watu wa Holili tunakaa kwenye mlango ambao mdudu huyu aliutumia. Kila gunia linaloshuka au kupanda hapa mpakani, liwe limetoka Kiteto au Himo au ng'ambo, linaweza kuwa na abiria wake.

Mwangalieni vizuri mumjue. Fukusi wetu wa zamani ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi ni mweusi au kahawia iliyokolea, mwili kama kipande cha fimbo, urefu wa milimita tatu hadi nne na nusu, na kichwa amekiinamisha, ukimtazama kutoka juu hukioni. Fukusi hutoboa tundu, dumuzi husaga. Ukiinua gunia na unga ukamwagika kama umetoka mashine, huyo ndiye. Tabora siku zile kulikuwa na kaya zilizopoteza mpaka theluthi moja ya uzito wa mahindi ndani ya miezi mitatu hadi sita. Muhogo mkavu ndiyo kabisa, huugeuza vumbi.

Anavutwa na nini? Kwanza, gunzi. Dumuzi anapenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zimekaza, anapata mahali pa kujiegemeza anapotoboa. Ukipukuchua, punje zinateleza, kazi inamwia ngumu. Babu zetu walitunza mahindi na maganda yake darini, juu ya moshi wa jikoni, na kwa fukusi njia hiyo ilisaidia. Kwa dumuzi haisaidii vya kutosha, na nyumba nyingi siku hizi jiko limehamia nje, kwa hiyo darini umebaki mtindo wa babu bila moshi wa babu. Pili, anavutwa na mwenzake. Dume akishapata chakula kizuri hutoa harufu ya kuwaita wengine, wake kwa waume. Punje chache za mwaka jana zilizobaki kwenye kona ya kihenge, zikiwa na madume wawili watatu, ni kama wamepiga baragumu. Tatu, anaishi kwenye miti. Nguzo za kihenge, boriti, vichanja, anavitoboa na kukaa humo akingoja mavuno. Ndiyo maana mtu anaweka mahindi mapya, safi kabisa, ndani ya kihenge kilekile, halafu anashangaa.

Serikali ilipompiga vita miaka ile ya 1980 iliwaambia wakulima wapukuchue, wachanganye na dawa ya unga. Baadaye ikaja dawa yenye sumu mbili ndani yake, na wengi hawajui kwa nini ni mbili. Ni kwa sababu ile inayomwua dumuzi haimwezi sana fukusi, na inayomwua fukusi haimwezi sana dumuzi. Anayekuuzia dawa isiyo na jina kwenye mfuko wa nailoni, hujui amekuuzia ya nani, na pengine amekuuzia chokaa. Chukua iliyofungwa, yenye maandishi na tarehe, upime kama maandishi yanavyosema. Mwingine anatia nusu kwa kubana fedha, mwingine anatia mara mbili kwa hasira. Wote wawili wanakula hasara. Walimleta pia mdudu mdogo anayemla dumuzi, kutoka kulekule kwao, na Kenya walianza kumwachia mwaka 1992. Amepunguza kidogo, hasa sehemu za joto, lakini hakummaliza.

Kwa maharage ni mdudu mwingine, na dawa yake ni rahisi mpaka watu hawaiamini. Mtoto wa mdudu huyo akitoka kwenye yai, ili atoboe harage lazima ajiegemeze kwenye harage la pili. Ukiweka maharage kwenye chombo kisichojaa, ukakibingirisha asubuhi na jioni, anapoteza mahali pake kila mara na kufa amechoka. Mtoto wa shule anaweza kuifanya kazi hiyo kabla ya kunawa uso. Ama ulezi wa mbege, huo wenyewe una ubahati, punje zake ndogo wadudu hawaziwezi, unakaa miaka. Wazee walijua walichokuwa wanakifanya walipouweka akiba.

Ndugu wanachama, kuna jambo la soko. Punje iliyotafunwa na panya au kutobolewa na mdudu imefunguliwa mlango. Wadudu wakiwa wengi gunia linapata joto na unyevu, na ukungu unaingia. Katika ukungu huo upo ule unaotoa sumukuvu, ambayo haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi waliyoyalima wenyewe. Kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, walikufa karibu watu 20. Na tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu hiyo. Siku chache baadaye ikaruhusu, lakini kwa masharti: mzigo uwe na hati kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Hiyo ni miligramu 10 katika tani, yaani magunia kumi ya kilo 100 na ndani yake sumu isiyofikia chumvi unayobana kwa vidole viwili. Sisi soko letu liko ng'ambo ya lango. Mahindi yakikataliwa pale, gari halirudi bure, na mnunuzi akirudi safari nyingine anakupa bei ya chakula cha kuku. Zile dharau mnazozisikia kwa madalali, "mahindi ya Holili yana vumbi," zinaanzia darini kwetu.

Sasa turudi kwenye sumu ya panya. Kwa nini Kamati inaikataa?

Katika nyumba tulizoingia tuliona sumu kwenye kikombe cha chai. Tuliona nyingine imefungwa kwa gazeti na kuwekwa juu ya kabati la vyombo. Ile nyeusi nyeusi inayouzwa sokoni, ambayo mara nyingi ni fosfidi ya zinki, ikifika tumboni inatoa gesi, na hakuna dawa ya kuipoza. Mtoto akiila, hospitali watafanya wawezalo tu. Wengine wanachanganya dawa za shambani na dagaa, wanaziweka kwenye njia ya panya, na asubuhi wanaokota paka, kuku na mbwa wa jirani. Paka akila panya aliyekula sumu naye anaondoka. Bundi pia. Na hapa tunataka kusema jambo ambalo litawaudhi wengine: bundi hajaja kutangaza msiba. Amekuja kula. Kila usiku bundi anakula panya, tena bila mshahara, na sisi tunamrushia mawe.

Viko pia vidonge vya kufukiza, vile vinavyotiwa kwenye ghala kuua wadudu. Tumekuta kaya, hatuitaji, wameviweka ndani ya magunia, na magunia wameyapanga chumba wanacholala watoto. Vidonge hivyo vinatoa gesi ileile ya kuua. Katika nchi nyingi watu wameingia kulala wazima na asubuhi hawakuamka. Tumewaomba wayatoe usiku uleule, wakayatoa. Tafadhalini, vidonge hivyo ni vya mtaalamu mwenye kibali, katika ghala lisilolala mtu.

Halafu, panya mkubwa ni mwoga wa kitu kipya. Ukiweka chakula kigeni leo, anakizunguka siku kadhaa bila kukigusa. Akionja kidogo na kuumwa tumbo, hakigusi tena. Kwa hiyo sumu ikigawiwa siku moja na kila mtu akaitupa anavyojua, itaua wajinga wachache, wajanja watabaki kuzaa. Ndiyo maana hata mtego mzuri uuweke siku tatu nne bila kuutega, na karanga au dagaa juu yake, mpaka auzoee. Uuweke kando ya ukuta, maana panya anatembea akigusa ukuta kwa sharubu zake, hapiti katikati ya chumba kama mwenye nyumba. Ama yule mdogo hana woga huo, ana udadisi, lakini hatembei mbali. Kwake tega mitego mingi, karibu karibu, hatua mbili tatu baina yake.

Na tege kwa pamoja. Wasomi wa Sokoine na wenzao wa nchi nyingine walijaribu jambo hili vijijini, mwaka 2007 hadi 2009, na walichokiona ni kwamba kijiji kikitega chote, kila siku, panya wanapungua kweli. Nyumba moja ikitega peke yake, nafasi inayoachwa inajazwa na wa jirani. Kuna methali isemayo panya wengi hawachimbi shimo. Aliyeitunga hakukaa Holili, wa kwetu wanachimba usiku kucha, ila sisi watu ndio tunaofanana na methali hiyo.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza fedha ile itumike hivi. Kwanza mlango wa ghala, utiwe bati chini mpaka usipite hata penseli, na matundu ya hewa yatiwe wavu wa chuma. Kisha tutengeneze chaga za kuwekea magunia, yasikae sakafuni wala yasiguse ukuta, mtu apite kuzunguka na kufagia. (Mjumbe mmoja aliuliza kama Wachaga nao watalala juu ya chaga. Tumeandika swali lake.) Kitakachobaki tununue bati la kukata koni za nguzo za vihenge. Koni ikae futi tatu kutoka chini, na kihenge kisiwe karibu na tawi la mparachichi au ukuta, kwa sababu panya wa paa anaruka vizuri kuliko mnavyofikiri. Mitego tununue kwa jumla, kila kaya ikope mitatu, ilipe baada ya mauzo. Turubai mbili za kuanikia, ili mahindi yasianikwe barabarani yakaokota mawe na mavi ya mbuzi.

Wapo waliouliza habari ya mifuko ile ya tabaka tatu, isiyopitisha hewa. Ni mizuri. Ukiifunga sawasawa wadudu wanamaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa yoyote. Lakini mahindi lazima yawe makavu kweli. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa, uiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Tena panya anautoboa mfuko huo kama karatasi, na ukitoboka umekuwa gunia la kawaida la bei kubwa. Kwa hiyo kabla ya kununua mfuko, ondoa panya.

Mkutano ulijadili muda mrefu. Wapo waliosema Kamati imezidisha maneno, kwamba sumu ni rahisi na bati ni ghali. Mama mmoja akajibu kwamba yeye amenunua sumu kila mwaka tangu aolewe na panya bado wapo, tena wajukuu wa wale wa kwanza. Kura zikapigwa kwa mikono. Waliokubali mapendekezo walikuwa wengi, waliokataa wachache, na hao nao wamekubali kuja kufagia.

Basi utaratibu ni huu. Jumamosi asubuhi tunatoa kila kitu ghalani, magunia ya zamani yatumbukizwe kwenye maji yanayochemka kisha yaanikwe juani, na mabaki yote ya mwaka jana yachomwe, yasitupwe nyuma ya ukuta. Kila mwanachama aje na ufagio, mwenye panga aje nalo tufyeke hatua tano kuzunguka ghala. Kuanzia mavuno haya, ghala halipokei mahindi ya gunzi. Yaje yamepukuchuliwa, yamekauka, yamepepetwa, na gunia lililotoka safari litafunguliwa nje, chini ya mwembe, kabla halijaingia. Mtunza ghala ana chupa ya chumvi mezani. Msigombane naye.